Mshipi na Ndoana kati ya Mtwapa na Malindi

Uvuvi wa mshipi, yaani ule wa uzi mmoja wenye ndoana na chambo, ni miongoni mwa kazi kongwe za mwambao wa Kenya, lakini katika karne ya 20 kazi hiyo hiyo iligeuka pia kuwa mchezo wa watu wenye nafasi, na mgeuko huo haukuanzia baharini bali katika mito ya baridi ya nyanda za juu, mamia ya kilomita kutoka ufuo wowote. Kwa hiyo historia ya mshipi wa burudani nchini Kenya ina mikondo miwili. Wa kwanza ni wa samaki aliyeletwa kwa meli kutoka ng'ambo ili mchezo upate kuwapo. Wa pili ni wa bahari iliyokuwa tayari na samaki wake, wavuvi wake na elimu yake kabla mgeni hajatia fimbo majini. Mjadala huu unahusu zaidi mkondo wa pili, kuanzia mkono wa bahari wa Mtwapa, unaoitenga kaunti ya Mombasa na ile ya Kilifi, hadi Malindi, ila si rahisi kuuelewa bila kuutazama kwanza ule wa bara.

Samaki huyo aliyeletwa alikuwa trauti, samaki wa maji matamu, baridi na yenye hewa nyingi, ambaye hustawi katika mito inayolishwa na chemchemi au na mvua za milimani, na ambaye huanza kutaabika joto la maji likizidi nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Namna iliyotukuzwa zaidi ya kumvua ni ile ya nzi wa bandia, ambapo mvuvi hufunga kwenye ncha ya uzi ndoana ndogo iliyovikwa manyoya ya ndege, sufu au nywele za mnyama ili ifanane na mdudu wa majini. Kwa kuwa kidude hicho hakina uzito wa kurushika, uzito huwekwa katika uzi wenyewe, na fimbo hutumika kuupeperusha nyuma na mbele mpaka utandike juu ya maji bila kishindo. Ufundi huu ni wa kale: Aelian, mwandishi wa Kirumi aliyeandika kwa Kigiriki katika zama za karne ya 3, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyovisha ndoana sufu nyekundu na manyoya ya jogoo. Hata hivyo, ni Waingereza wa karne ya 19, hasa wavuvi wa mito Test na Itchen inayochimbuka katika ardhi ya chokaa kusini mwa nchi yao, walioufanya kuwa mchezo wenye kanuni kali, kiasi kwamba Frederic Halford na wafuasi wake waliona haya kumvua trauti kwa nzi anayezama badala ya yule anayeelea.

Watu wenye mapenzi ya namna hiyo hawakutaka kuyaacha nyumbani walipokwenda kutawala nchi za wengine. Mayai ya trauti yaliyohifadhiwa kwa barafu yalifikishwa Tasmania mwaka 1864, baadaye samaki huyo akapandwa Afrika Kusini, na mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi ambaye alikuwa ameshajipatia jina kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Uskoti na kuwapanda samaki hao katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Mwaka 1910 akaletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, na kuanzia mwaka 1948 kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kikawa kinaangua vifaranga vya kupandwa katika mito mingine ya Aberdare na ya Mlima Kenya. Wakikuyu waliokuwa wakiishi kandokando ya mito hiyo hawakuwa kwa desturi walaji wa samaki, na serikali ya kikoloni haikuwafikiria hata kidogo ilipoweka leseni, vipimo vya samaki wa kubakizwa na masharti kwamba baadhi ya sehemu zivuliwe kwa nzi wa bandia peke yake. Mchezo mzima, yaani samaki, fimbo, kanuni na klabu, ulishuka kutoka melini ukiwa umekamilika, na mwenyeji aliachiwa kazi ya kubeba mkoba.

Maji ya Gura huingia katika mto Tana, na Tana humwagika baharini Kipini, katika ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi. Maji hayo yaufikapo mwambao huwa yamepata joto na tope, na hakuna trauti anayeyafuata hata nusu ya njia. Baharini mgeni hakuwa na haja ya kupanda kitu.

Ushahidi wa uvuvi katika mwambao huu ni wa miaka mingi mno kuliko wa mchezo wowote. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, ujulikanao kama Periplus, unataja katika pwani ya Azania, yaani mwambao huu wa Afrika Mashariki, vyombo vya kushonwa kwa kamba, mitumbwi ya gogo moja, na mitego ya kusukwa iliyowekwa penye milango ya maji. Msomaji wa Mtwapa au wa Takaungu ataitambua mitego hiyo mara moja, kwani haiko mbali na malema na nyuzio za leo: lema ni kizimba kilichosukwa kwa fito, ambacho samaki huingia asijue pa kutokea, na uzio ni ua wa vijiti unaosimamishwa ufuoni ili maji yakipwa samaki wabaki ndani. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154 katika kasri la mfalme wa Sicily, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa wawindaji na wavuvi, na kwamba samaki wao waliwakausha na kuwauza. Wataalamu wamebishana kama Malindi yake ilikuwa mahali penyewe ilipo leo, lakini habari aliyoipata ni ya mji wa Waswahili uliouza samaki, si uliowavua kwa kitoweo tu.

Mtwapa yenyewe ilikuwa mji wa aina hiyo. Magofu yake, yaliyo ukingoni mwa mkono wa bahari na ambayo Chapurukha Kusimba aliyachimba na kuyachunguza tangu miaka ya 1980, ni ya mji wa mawe uliodumu kwa karne kadhaa hadi ulipohamwa katika karne ya 18. Na kaskazini yake, juu ya ufuo wa bahari kuu, yako magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 uliofukuliwa na James Kirkman mwaka 1972, ambamo misikiti minne bado inaonekana. Watu waliojenga kwa mawe ya matumbawe na kula katika vyombo vilivyotoka Uchina walikuwa pia watu wa pwani ya mwamba, na mahali walipochagua kukaa panaeleza mengi: mbele kuna uwanda wa maji mafupi ndani ya mwamba, pembeni kuna mlango wa kutokea bahari kuu, na nyuma kuna mikoko ambamo samaki wachanga hulelewa.

Mshipi wa mkono, ambao ndio uliokuwa na bado ndio ulio silaha ya mvuvi asiye na mtaji, unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu wageni waliokuja na fimbo mara nyingi waliudharau. Zamani uzi ulikuwa wa pamba iliyosokotwa, na nailoni ilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia; uzi huo hukunjwa kwenye kipande cha mti, na siku hizi kwenye chupa ya plastiki, na mwishoni hutiwa chubwi, yaani kizito cha risasi au jiwe, pamoja na ndoana moja au mbili zenye chambo cha ngisi, pweza au dagaa. Hakuna fimbo wala kigurudumu. Uzi hupita juu ya kidole cha shahada, na kidole hicho ndicho kinachofanya kazi ambayo mvuvi wa trauti huifanya kwa jicho: changu hudonoa na kuacha, akadonoa tena, hivyo mvuvi hungoja kabla ya kukutua, chewa humeza kwa mara moja kisha hukimbilia pangoni mwake, hivyo asipovutwa papo hapo ataukata uzi kwenye jiwe. Mahali pa kutia nanga napo hapaandikwi popote. Nahodha hulinganisha alama mbili za nchi kavu, kwa mfano mbuyu na pengo la minazi upande mmoja, kisha paa la nyumba na kilima upande wa pili, na pale mistari hiyo miwili inapokatana juu ya maji ndipo lilipo jabali analolitafuta, ambalo pengine alionyeshwa na baba yake.

Elimu hiyo ya mahali huenda pamoja na elimu ya wakati. Mwaka wa mvuvi wa mwambao hugawanyika kwa pepo: kaskazi, inayovuma tangu Novemba au Desemba hadi Machi na kuiacha bahari ikiwa tulivu, na kusi, ambayo kati ya Mei na Agosti huichafua bahari kiasi kwamba vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba, katikati yake kuna malelezi, kipindi pepo zinapobadilika. Ndani ya mwezi nao kuna bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana na mkondo huwa mkali, na kuna maji mafu, ambapo mkondo hulegea na mshipi hushuka wima mpaka chini. Mtu wa uzio hupenda bamvua, mtu wa mshipi wa kina hupenda maji mafu, na hesabu ya yote mawili hufuata kalenda ile ile ya mwezi inayohesabu Ramadhani.

Kaskazi pia ni msimu wa kuhama. Wabajuni kutoka visiwa vya Lamu hushuka kusini, na Wapemba huvuka kutoka kisiwa chao kuja Shimoni, Kilifi, Watamu na Malindi, wakipiga dago, yaani kambi ya muda ufuoni, na kuvua bahari ya nje ambayo wenyeji wengi wenye mitumbwi hawakuifikia. Wengi wao walilowea, wakaoa, wakazaa, na bado iliwachukua mpaka mwaka 2023 kutambuliwa na serikali kuwa raia wa Kenya, jambo ambalo linaaibisha kidogo ukikumbuka ni samaki wangapi wa masoko ya pwani waliotoka mikononi mwao. Pamoja na nyavu zao kubwa za jarife walikuja na ujuzi wa kurambaza, ambao ni kukokota mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda kwa tanga ili nguru, jodari au sulisuli adhani chambo ni samaki anayekimbia. Kaskazini zaidi, na hata Zanzibar, ulikuwapo ufundi wa ajabu kuliko wote, wa kumfunga taza, samaki mdogo mwenye kigandamizi kichwani, kwa uzi mkiani na kumwachia akamgandame kasa, kisha wote wawili wakavutwa chomboni. Kati ya ndoana yenye manyoya ya jogoo na ndoana ambayo ni samaki hai, si dhahiri ipi inayostahili zaidi kuitwa sanaa.

Karne ya 19 haina haja ya kutuchelewesha. Wamazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, walipoondolewa huko na Sultani Seyyid Said mwaka 1837, baadhi yao walihamia Takaungu, na pwani ya Mtwapa hadi Malindi ikawa nchi ya mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Samaki waliotiwa chumvi, ng'onda na papa mkavu, waliendelea kuuzwa humo na ng'ambo, lakini utajiri na habari zilizoandikwa zilihusu mtama na ufuta. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ndiyo iliyoacha alama ya kudumu juu ya uvuvi, ingawa haikuwa sheria ya uvuvi, kwa kuwa iliwezesha ardhi ya ufuoni kuandikwa kwa majina ya watu wachache waliokuwa na uwezo wa kudai mbele ya ofisi, na wengi wa Wamijikenda wakajikuta ni maskwota.

Katika viwanja vya namna hiyo ndimo hoteli za kwanza za Malindi zilimojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, miongoni mwao ile ya Lawford, ofisa mstaafu wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Walowezi wa bara, ambao baadhi yao walikuwa wameshazoea trauti, waliteremka huko kupumzika na wakagundua kwamba samaki wa hapa hupimwa kwa makumi na hata mamia ya kilo. Mapema mwaka 1934 Ernest Hemingway, baada ya kumaliza safari yake ya uwindaji Tanganyika, alikuja kuvua Malindi pamoja na Philip Percival, mwindaji aliyekuwa kiongozi wake, na Mmarekani tajiri Alfred Vanderbilt. Tangu hapo jina la Hemingway limetundikwa kwenye mabango ya pwani hii kana kwamba aliivumbua bahari, ilhali alikaa siku chache tu, na kitabu alichokitoa mwaka uliofuata ni cha kudu na nyati zaidi kuliko cha samaki. Klabu ya Uvuvi wa Baharini ya Malindi iliundwa mwaka 1959, na katika miaka iliyofuata Watamu, Kilifi na Mtwapa, ambayo mkono wake wa bahari ni bandari salama hata wakati wa kusi, zikawa vituo vya mashua za injini zinazokodishwa kwa wageni.

Ukizitazama mashua hizo kwa makini, vifaa vipya ni vitatu tu, navyo ni injini, fimbo nene na kigurudumu cha kukunjia uzi chenye breki. Mengine ni kurambaza kule kule. Msimu wa wageni ukawa kaskazi, kwa sababu mabaharia walijua kwamba kaskazi ndiyo bahari ya kutokea. Miamba ya nje, na Benki ya Kaskazini mwa Kenya iliyo upande wa Malindi na Lamu ambako mikondo hukutana na kupandisha maji yenye rutuba, ilikuwa ikivuliwa na wenye majahazi kabla haijachorwa katika vitabu vya watalii. Na chambo kilichopendwa kilikuwa chuchunge, samaki mwembamba ambaye watoto wa ufuoni walimkamata na kumuuza. Nahodha na mabaharia wake walikuwa ndio wanaofunga chambo, wanaoona ndege wakizunguka juu ya kundi la jodari, wanaogeuza usukani samaki anapobadili njia, na wanaomshika mdomo kwa mikono sulisuli anapofikishwa ubavuni. Mgeni alikaa kitini akazungusha mpini. Kazi hiyo si nyepesi, na samaki wa kilo mia moja anaweza kumtaabisha mtu kwa saa kadhaa, lakini ni mgawanyo wa kazi unaofaa kukumbukwa linapokuja suala la nani aliyemvua samaki.

Suala hilo linajibiwa na daftari. Chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, kilichoundwa mwaka 1939, huorodhesha rekodi kwa jina la mwenye fimbo, uzito wa samaki, mahali, tarehe na nguvu ya uzi, na vilabu vingi duniani vimefuata mtindo huo. Utaratibu wake una faida, kwani bila ya orodha hizo isingewezekana leo kujua kwamba maji yaliyo mbele ya Malindi na Watamu yana marlin wa aina tatu, sulisuli na upanga. Kasoro yake ni kwamba nahodha hana safu katika jedwali.

Uzuri wa mkondo huu wa baharini ni kwamba polepole ulijifunza kuacha. Mwaka 1968 Malindi na Watamu zilitangazwa kuwa hifadhi za baharini, za kwanza za aina hiyo nchini Kenya, na tangu mwaka 1990 taasisi iliyo Watamu inayoshughulikia samaki wenye mdomo mrefu imekuwa ikiwatia alama sulisuli na marlin wanaovuliwa kwa fimbo, kisha kuwaachia. Hapo ndipo mikondo miwili ilipokutana hasa, kwa kuwa wapo wavuvi waliochukua fimbo ya nzi wa bandia kwa ajili ya sulisuli: mabaharia hukokota chambo kisicho na ndoana mpaka samaki apandwe na hasira na kuja tezini, chambo hunyakuliwa ghafla, injini hutolewa gea kama kanuni zinavyodai, na mvuvi hurusha kishada cha manyoya meupe mbele ya macho ya samaki. Mrushaji ndiye anayesifiwa, ingawa wakati wa kunyakua chambo huamuliwa na baharia, na akikosea kwa sekunde mbili hakuna samaki.

Wakati huo huo mvuvi wa mshipi wa mkono, ambaye hajawahi kuharibu mwamba kwa ndoana yake moja, amezidi kubanwa. Upande wa nchi kavu hoteli na nyumba za kifahari kutoka Mtwapa hadi Kikambala zimeziba njia nyingi za kufikia ufuo; upande wa maji nyavu za kukokota ufuoni, maarufu kama juya, na bunduki za majini zimeyamaliza maji mafupi, ingawa juya lilipigwa marufuku rasmi mwaka 2001. Wanakijiji wa Kuruwitu, kati ya Mtwapa na Kilifi, walioanzisha chama chao mwaka 2003 kisha wakaifunga kwa hiari hekta 30 hivi za bahari yao zisivuliwe kabisa, walionyesha kwamba sheria inayotungwa na wavuvi wenyewe hushika kuliko ile inayotumwa kutoka Nairobi, na mwaka 2017 walitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kanuni za mwaka 2007 zilizounda vitengo vya usimamizi wa ufuo, ambavyo kila mvuvi wa pwani anavijua kwa jina la BMU, zinavipa vitengo hivyo jukumu la kuweka kumbukumbu za wavuvi na za samaki wanaotua.

Jukumu hilo lingepanuliwa kidogo tu, pengo la daftari lingeanza kuzibika. Wapo wazee, kuanzia Mtwapa hadi Ngomeni, waliokuwa mabaharia katika mashua za wageni, wanaojua majina ya manahodha waliowatangulia na alama za nchi kavu za kila jabali, na umri wao hauruhusu kungoja. Vitengo vya ufuo, makumbusho ya Malindi na vilabu vyenyewe vyenye madaftari ya zamani vikae pamoja na wazee hao, viandike majina hayo, na kila rekodi ya samaki iongezewe safu moja ya jina la nahodha.